MIAKA 42 BONGO BILA URAIA: Stori ya Ulyankulu na barabara ya zamani ya misafara

Kama umekulia kwenye nyumba ambayo Jumapili asubuhi lazima redio iwashwe, basi Kwaya ya Ulyankulu, Barabara ya 13, unaijua hata kama jina lilishakutoka. Zile sauti za kupandishana, ngoma kwa mbali, mama anaosha vyombo huku anaitikia. Mpaka leo nyimbo zao zipo YouTube, na watu wazima wanaingia huko kukumbuka utoto wao.

Sasa swali: Barabara ya 13 ni barabara gani?

Wengi wanadhani ni mtaa wa mjini, labda Tabora au Mwanza huko. Hapana. Ulyankulu ipo mkoani Tabora, wilaya ya Kaliua, ndani kabisa kwenye miombo, na maeneo yake mengi yanaitwa kwa namba za barabara kwa sababu palipangwa kwa mpigo mmoja. Palikuwa makazi ya wakimbizi. Mwaka 1972 watu waliokimbia mauaji Burundi walipelekwa pale, wakapewa jembe na kipande cha pori, wakaambiwa anzeni maisha. Yaani nchi nzima ilikuwa inaitikia nyimbo zinazotoka mahali ambapo wakazi wake, kwa karatasi, hawakuwa Watanzania. Na hawakuja kuwa Watanzania mpaka mwaka 2014.

Ili uielewe hii stori vizuri, usianzie 1972. Rudi nyuma, kwenye ile njia yenyewe.

KABLA YA PASIPOTI KULIKUWA NA HONGO

Karne ya 19, barabara kubwa kuliko zote upande huu wa Afrika ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, halafu ikaendelea Ujiji, na wengine wakavuka ziwa hadi Kongo. Tabora ilikuwa njia panda. Ukitaka Ujiji unapita hapo, ukitaka Karagwe na Buganda unapita hapo. Kutembea kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa miezi mitatu au zaidi, kutegemea mvua, njaa na vita njiani.

Na walioiendesha hiyo barabara hawakuwa hao wazungu unaowasoma kwenye vitabu vya historia. Walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mtu na mzigo wake wa kilo 30 na kitu begani: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga na waya kurudi bara. Majina yao karibu yote yamepotea. Kilichobaki ni maneno yao, na unayatumia kila siku bila kujua. Mnyapara? Alikuwa mkubwa wa wapagazi. Posho? Chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi njiani. Merikani? Kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, ndicho kilikuwa kama mshahara.

Na hongo. Hili neno lina historia nzuri sana. Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru halali ambao msafara unamlipa mtemi ili upite kwenye nchi yake, unywe maji ya visima vyake. Wagogo walisifika kwa hongo kali, kwa sababu nchi yao ni kavu na mwenye kisima ndiye mwenye sauti. Ukilipa, unapita. Hakuna anayekuuliza baba yako alizaliwa wapi. Leo neno limehamia chini ya meza, lakini kazi ni ileile, si ndio?

Kulikuwa na njia nyingine za kupita bila kuonekana mgeni. Utani, kwa mfano. Ule utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, au na Wagogo, wazee wengi wanasema umekuzwa na misafara. Mtani akikukuta umeishiwa njiani anakupa chakula huku anakutukana, ukifa ugenini anakuzika. Halafu kulikuwa na undugu wa damu, mnachanjana chale, mnakuwa ndugu. Mtemi Mirambo, yule aliyefunga njia ya Tabora mwaka 1871 alipogombana na wafanyabiashara Waarabu, mwaka 1876 alichanjana na msafiri mmoja mzungu maarufu ambaye miaka michache nyuma alikuwa upande wa maadui zake. Kwa maneno mengine, ugeni ulikuwa na dawa.

Jeshi la Mirambo lenyewe, rugaruga, lilikuwa mchanganyiko: vijana wa huku, watu wenye asili ya Kingoni, watoro, watumwa waliokimbia mabwana zao. Na hata jina "Wanyamwezi" si lao wenyewe kwa asili. Watu wa pwani ndio waliwaita hivyo, watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi. Wenyewe walijitambulisha kwa nchi zao ndogondogo, au kwa upande: wa kaskazini ni Wasukuma, wa kusini ni Wadakama. Mtu akikwambia kuna kabila "halisi" lililokaa pale peke yake tangu Nuhu, mwulize amelipata wapi.

Tusipambe sana lakini. Barabara hiyohiyo ilipitisha watumwa. Watu walikamatwa Manyema, mashariki mwa Kongo, wakapelekwa Ujiji, Tabora, hadi pwani, na hao hawakuulizwa kama wanataka kuhama. Wengine walibaki njiani, wakakombolewa au wakatoroka, wakawa sehemu ya mji. Ndiyo maana Tabora na Ujiji utakuta koo za Wamanyema ambazo ni wenyeji kabisa, Waislamu, Waswahili, wana makaburi ya vizazi na vizazi. Babu wa babu aliletwa kwa mnyororo. Mjukuu ni mtu wa Tabora kuliko hata wewe unayejifanya wa Tabora kwa sababu ulisoma Tabora Boys miaka miwili.

Jina la mji nalo, wengi wanasema linatokana na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Chakula cha safari. Ukipata mji ambao jina lake ni chakula cha wasafiri, ujue wasafiri ndio mji wenyewe.

MJERUMANI, RELI NA KALAMU

Wajerumani walikuja na mambo mawili: bunduki na karatasi. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga mpaka Januari 1893, boma lake lilipoingiliwa akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Baada ya hapo ikaja kodi, na reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa njia ile ukafa hapo. Mnyamwezi aliyekuwa anatembea na msafara wake, na mnyapara wake, na bei yake, sasa akawa anapanda treni kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Huko aliitwa manamba, kwa sababu aliandikwa kwa namba. Ona jinsi mambo yalivyogeuka: mtu yuleyule, safari ileile ya kutafuta, ila sasa ana namba.

Hapa kuna kitu ambacho shuleni kinapitiwa haraka mno. Wakati wa Mjerumani, Tabora na Burundi zilikuwa koloni moja. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa Tanganyika, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mrundi aliyekuja Tabora mwaka 1910 hakuvuka mpaka wa nchi yoyote. Kisha vita ya kwanza ya dunia ikaja, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakapita hukohuko Rwanda na Burundi, yakashuka, na Septemba 1916 yakaichukua Tabora. Vita ilipoisha, Mwingereza na Mbelgiji wakakaa mezani wakagawana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, kwingine kwa Mwingereza. Mstari ukachorwa. Watu wa pande zote mbili walikuwa shambani wanalima, hakuna aliyewauliza.

Mstari huohuo ndio ulioamua, miaka 50 na kitu baadaye, nani ni mkimbizi na nani ni mwenye nyumba.

Na Wanyamwezi wenyewe walionja upande wa pili. Wapo waliokwenda Zanzibar kuchuma karafuu, wakaoa, wakazaa. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza kule mwaka 1957, wa kupiga kura ni raia wa Sultani. Watu wengi wa bara wakajikuta nje ya mstari, pamoja na miaka yao yote ya kupanda mikarafuu.

TABORA, NYERERE NA SWALI LA "NANI MWENZETU"

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkubwa Tabora, na ndipo ulipopitishwa ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya ajabu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wanachama wengi walitaka kususia. Nyerere, ambaye Tabora ilikuwa mji wa shule yake na ndipo alipofundisha, akawashawishi washiriki. Wakashiriki, wakashinda.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, bungeni likaja swali lenyewe: uraia uwe wa rangi au wa utii kwa nchi? Baadhi ya wabunge walitaka Mwafrika kwanza. Nyerere aliwaka, akasema serikali yake itajiuzulu kama wabunge wataupinga uraia usiobagua rangi. Uraia wa rangi ukakataliwa. Hilo ni jambo kubwa, na watu wanaoshindana mitandaoni kila siku nani "Mtanzania halisi" wangelijua wangepunguza kelele.

Ila sheria iliyokuja nayo ilikuwa na kipimo chake. Siku ya uhuru, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake angalau mmoja amezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja. Wengine wakapewa miaka miwili waombe kuandikishwa. Swali la njia ya zamani lilikuwa "uko na nani, unalipa nini?" Swali jipya likawa "mzazi wako alizaliwa wapi?" Kwa mji wa njia panda kama Tabora, hilo swali ni gumu kuliko linavyoonekana Dar kwenye kiyoyozi.

SASA TURUDI BARABARA YA 13

Aprili 1972 mauaji yalianza Burundi, na watu, wengi wao Wahutu, wakakimbia kwa makumi ya maelfu. Wengine kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Tanganyika, wengine kwa miguu. Tanzania ikawapokea. Hili lisemwe wazi: iliwapokea, ikawapa ardhi. Ikafungua makazi Ulyankulu, kisha Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978, ambako walihamishiwa watu wengi wa Ulyankulu kwa sababu pale palikuwa pamejaa na maji hayatoshi.

Pori lile ni nchi aliyowahi kuitawala Mirambo na rugaruga wake wa mchanganyiko. Hao wapya walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo, na baadaye tumbaku, ambayo ndiyo pesa ya mkoa ule. Katikati ya miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa ukaona watu wanajitegemea, ukapunguza mkono, makazi yakabaki chini ya serikali. Watoto walisoma shule za mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Walishangilia timu za huku. Waliimba kwaya, na redio ikazipiga.

Lakini ukitaka kutoka nje ya makazi, omba kibali. Unakwenda hospitali mjini, kibali. Unakwenda msibani, kibali. Mpagazi wa mwaka 1860 alitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo akilipa hongo njiani. Mkulima wa Ulyankulu wa mwaka 1990 alihitaji karatasi ya mkuu wa makazi ili afike Tabora mjini.

Na mtoto aliyezaliwa pale? Hapo ndipo pana utata hadi leo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ukiisoma maneno yake, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa mabalozi na watu wa aina hiyo. Kiutendaji haikutumika hivyo kwa watoto wa wakimbizi. Mkimbizi alizaa mkimbizi, mkimbizi akazaa mkimbizi. Bibi aliyekimbia akiwa na miaka 20 alikuja kuwa na wajukuu ambao Burundi waliijua kwa kusimuliwa tu.

Si kwamba Tanzania ilikuwa haijawahi kufanya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakimbizi wa Rwanda kama 36,000 walipewa uraia. Kwa hiyo mlango ulikuwepo.

Mwaka 2007 mlango ukafunguliwa tena, mara hii kwa upana wake wote. Serikali ikakubaliana na Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, watu wa makazi yale matatu, kama 218,000, wakahesabiwa, na kila mmoja akaulizwa: unarudi au unabaki? Mmoja kati ya watano hivi alisema anarudi, na zaidi ya 50,000 wakasindikizwa kwao. Wanne kati ya watano wakasema tunabaki. Mwaka 2010 zaidi ya maombi 162,000 yakawa yamekubaliwa. Dunia nzima ikapiga makofi, maana nchi yenye uwezo mdogo kutoa uraia kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo, nchi tajiri hazijafanya.

Halafu vyeti havikutoka.

Sharti lilikuwa wahame. Makazi yafungwe, watawanywe kwenye mikoa 16, ndipo kila mtu apewe cheti chake huko aendako. Kwenye karatasi ya mpango inasomeka vizuri, watu wachanganyike. Kwenye maisha: mtu ana nyumba, ana shamba la tumbaku, ana kaburi la mama yake hapo, unamwambia ahamie wilaya asiyoijua. Huko nako wenyeji na madiwani wanauliza, ardhi ipi, zahanati ipi, nani kawauliza wao? Na lazima useme kweli, hawakuwa wanauliza ujinga. Wasiwasi wa ardhi ni wasiwasi wa kweli.

Mwaka 2011 zoezi likasimama. Sasa angalia hawa watu wamekaa wapi. Uraia wa Burundi wameshaukana, maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Uraia wa Tanzania wameambiwa wanao, lakini cheti kimefungiwa kabatini. Hujui ujenge au usijenge. Hujui ukarabati darasa au uliache, maana makazi yanafungwa. Kura ya 2010 iliwapita. Kijana anataka kuomba chuo, anajaza fomu, anafika kwenye kipengele cha uraia, kalamu inasimama.

Na usisahau hali ya hewa ya wakati ule. Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, wahamiaji haramu wakaondolewa kwa maelfu, wakiwemo watu waliokaa miaka mingi na kuoa huku. Kwa mtu wa Ulyankulu asiye na cheti mkononi, habari hizo za jirani hazikuwa habari tu.

Oktoba 2014 serikali ikalegeza. Sharti la kuhama likaondolewa, na Rais Kikwete akaanza kugawa vyeti, Tabora hapohapo. Miaka 42 tangu wafike. Mwaka uliofuata, kwenye uchaguzi wa 2015, Ulyankulu ikawa jimbo lenye mbunge wake.

Kwa nini haya yote yawahusu vijana wa leo? Kwa sababu Januari 2025 mlizima simu kwa kubishana kuhusu wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars waliopewa uraia. Wengine mlicheka, wengine mlikasirika, mwanasheria akatinga mahakamani. Idara ya Uhamiaji ikatoa taarifa kuthibitisha kwamba wameupata. Sheria inampa waziri uwezo mkubwa sana hapo, na halazimiki kueleza sababu za kukubali au kukataa. Kwa hiyo mlango uleule, kwa mwenye miguu ya mpira unafunguka ndani ya muda mfupi, na kwa mwenye jembe ulichukua miongo minne. Hao wachezaji hawana kosa, waliomba kama sheria inavyoruhusu. Ila ule mjadala ulipita bila mtu kuitaja Ulyankulu, na hapo ndipo panashangaza.

Cheti walichopata kinaitwa cha tajnisi, na si sawa kabisa na uraia wa kuzaliwa. Wa tajnisi anaweza kunyang'anywa kwa sababu ambazo wa kuzaliwa hazimgusi. Na Katiba inasema mgombea urais lazima awe raia wa kuzaliwa.

Kwa hiyo leo, Barabara ya 13, unaweza kukuta nyumba moja yenye watoto wawili, baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa kazaliwa pale mwaka 2005, wazazi wakiwa wakimbizi, akaingia kwenye tajnisi pamoja nao. Mdogo kazaliwa palepale mwaka 2016, wazazi wakiwa na vyeti. Wote lugha yao Kiswahili, wote hawajawahi kuikanyaga Burundi. Huyu mdogo akikua anaweza kugombea urais wa nchi hii. Kaka yake hawezi.